Foleti: Mtoto Huanza Kujengwa Kabla Mama Hajajua

Kila mkulima wa Thika na Ruiru anajua kazi ya mbolea ya kupandia. Hutiwa shimoni siku ile ile ya kutia mbegu, ili mzizi wa kwanza uikute tayari. Mkulima akisahau, kisha akaileta wakati mihindi imefika magotini, haitakuwa bure kabisa, lakini ile kazi ya mwanzo imekwisha pita na haiwezi kurudishwa.

Katika mwili wa mwanadamu kiko kitu cha namna hiyo hiyo. Jina lake ni foleti, nayo ni moja katika vitamini za kundi la B. Ile inayotengenezwa kiwandani na kutiwa katika vidonge na unga huitwa asidi ya foliki. Jina limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa mwaka 1941 wataalamu wa Texas, Marekani, waliitoa katika majani ya spinachi. Mwezi huu tuitazame foleti kwa macho ya mkulima: inatoka wapi, inapotea wapi, na kwa nini nyumba nyingi zenye shamba huipata kwa kuchelewa.

KAZI YAKE MWILINI

Mwili hujenga chembe mpya kila siku, hasa chembe za damu. Bila foleti kazi hiyo huharibika. Damu hupungua, mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio apandapo kilima, na ukifunua kope zake huona ndani ni peupe. Mama mwenye mimba huhitaji foleti zaidi ya watu wengine, kwa sababu anajenga damu yake mwenyewe na mwili wa mtoto pamoja.

Lakini iko kazi moja ya foleti ambayo ina saa yake. Mwanzoni kabisa mgongo wa mtoto ni kama jani lililo bapa. Jani hilo hujikunja, kingo zake mbili hukutana na kushikana, likawa mfereji uliofunikwa. Katika mfereji huo hutoka ubongo na uti wa mgongo. Kazi hiyo humalizika karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwanamke ambaye hedhi yake huja kila siku 28 hushika mimba karibu na siku ya 14. Siku anapoikosa hedhi, mtoto amekwisha kuwa na siku 14 hivi tumboni. Akingoja wiki mbili zaidi ili apate hakika, siku 28 zimetimia na mfereji umekwisha kufungika, au umekosa kufungika. Wanawake wengi huenda kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Vidonge wanavyopewa siku hiyo vina faida kubwa kwa damu yao na kwa mtoto, nao wasiviache. Lakini kwa kazi ya kuufunga mgongo vimechelewa.

MGONGO WAZI

Mfereji ukikosa kufungika upande wa kichwa, ubongo haukui, na mtoto hawezi kuishi. Ukikosa kufungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na kile tunachokiita mgongo wazi. Mara nyingi miguu huwa dhaifu au haina nguvu kabisa, haja ndogo na kubwa huwa vigumu kuzizuia, na watoto wengi wa namna hii hukusanya maji kichwani hata kichwa kikawa kikubwa.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kujua habari hizi. Mjini Thika iko shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu, iliyofunguliwa mwaka 1962 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Miongoni mwa wanafunzi wake wako waliozaliwa na mgongo wazi. Watoto hawa wana akili, wana bidii, na wana haki ya kusoma kama mtoto mwingine yeyote. Na huko Kijabe, katika kaunti yetu hii ya Kiambu, madaktari wapasuaji huifunga migongo ya watoto wachanga na kuwatilia mpira mwembamba wa kupunguza maji ya kichwani.

Mtoto mwenye mgongo wazi si laana, wala si adhabu, wala si kosa la mama yake. Akizaliwa, kidonda chake kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi yenye chumvi ya hospitali, kisha apelekwe kwa daktari siku ile ile. Lakini yatupasa kusema kweli: upasuaji hufunga mgongo, haurudishi nguvu iliyokwisha potea katika mishipa. Ndiyo maana kinga ina thamani kuliko tiba.

WALIJUAJE?

Mwaka 1928 daktari mmoja mwanamke kutoka Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza upungufu wa damu uliowapata wanawake wenye mimba, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo na maskini. Aliona kwamba chakula chao kilikuwa duni. Alipowapa kitu kilichotengenezwa kwa hamira, kile ambacho Waingereza hupaka juu ya mkate na kukiita Marmite, damu yao ilirudi. Aliandika habari hiyo mwaka 1931, ingawa wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua ni kitu gani ndani ya hamira kilichofanya kazi. Baadaye ikajulikana kuwa ni foleti.

Habari ya mgongo ilithibitishwa mwaka 1991. Katika nchi 7, wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo waligawanywa. Wengine walipewa asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, wengine hawakupewa. Waliopewa walipona na balaa hilo kiasi cha mara 7 katika 10. Mwaka uliofuata, 1992, uchunguzi wa Hungaria ulionyesha kwamba hata mwanamke ambaye hajapata kuzaa mtoto wa namna hiyo hufaidika. Haizuii kila kasoro, maana ziko nyingine zenye sababu tofauti, lakini huzuia nyingi. Ni dawa chache duniani zilizo rahisi kiasi hiki zenye matokeo makubwa kiasi hicho.

FOLETI INAYOOTA SHAMBANI

Sasa turudi shambani. Katika mimea tunayoilima, jamii ya kunde ndiyo ghala kubwa la foleti. Gramu 100 za kunde zilizopikwa zina karibu mikrogramu 200. Ndengu zina karibu 160. Maharagwe mekundu yana karibu 130, na mbaazi karibu 110. Parachichi, gramu 100 za nyama yake, lina karibu 80. Maini yana nyingi sana. Majani mabichi ya mboga nayo yanayo, kama mchicha, majani ya kunde na managu. Mayai, machungwa na mapapai yanayo kiasi. Ugali mweupe, wali na maziwa vina kidogo tu.

Watu wa Thika wana sababu ya kujivunia maharagwe. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Thika kilikuwa na mradi wa kuchagua mbegu bora za jamii ya kunde. Ukiona kwenye mfuko wa mbegu herufi GLP, ni alama ya mradi huo. Rosecoco ni GLP 2, Canadian Wonder ni GLP 24, Mwezi Moja ni GLP 1004, na Mwitemania ni GLP x92. Mwezi Moja na Mwitemania zafaa mahali penye mvua haba, kama upande wa mashariki ya Thika kuelekea Yatta. Rosecoco yapenda mvua zaidi. Basi mbegu hizi zilichaguliwa hapa hapa kwetu, na ingekuwa aibu maharagwe yaende sokoni yote huku mama wa nyumbani akibaki na mahindi matupu ndani ya githeri.

Jambo hili nawaambia hasa akina baba. Wakati wa mavuno, mkononi mkiwa na bei nzuri, ni rahisi kuuza gunia zima. Kabla hamjauza, tengeni debe la nyumbani. Vivyo hivyo parachichi: yale yanayokataliwa na wanunuzi wa kupeleka ng'ambo kwa sababu ya alama kwenye ganda hayana kasoro yoyote ndani.

Akina mama wengi wa Kikuyu huandaliwa njahi baada ya kujifungua. Ni desturi njema, maana mzazi anahitaji chakula kizito. Lakini kwa hesabu ya foleti, kunde, ndengu na maharagwe huishinda njahi kwa mbali, na wakati wake ni kabla ya mimba na siku zote za mimba. Tusiweke heshima yote ya chakula kwenye siku za baada ya kuzaa.

INAVYOPOTEA JIKONI

Foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Mboga za majani zikichemshwa katika maji mengi, kisha maji yakamwagwa, karibu nusu ya foleti huenda na maji hayo. Basi osha mboga kwanza, ndipo uzikate, zitie katika maji machache, funika sufuria, zitoe zikiwa bado kijani. Mchuzi usimwagwe.

Maharagwe yaloweke usiku kucha ili yaive upesi na kuni zipungue. Magadi hulainisha maharagwe, ni kweli, lakini huharibu vitamini nyingine za kundi la B. Aliyeloweka vizuri hana haja ya magadi.

UNGA WA DUKA NA UNGA WA POSHO

Hapa ndipo penye jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na unga wa ngano unaofungwa katika pakiti utiwe vitamini na madini, na asidi ya foliki imo. Marekani walianza kuulazimisha unga wao kutiwa asidi hiyo mwaka 1998. Pakiti iliyotiwa ina alama yenye maneno "Kuboresha Afya".

Lakini mahindi ya debe yanayopelekwa mashine ya posho hayatiwi kitu. Mama mmoja wa upande wa Gatuanyaga alipofika ofisini kuuliza mbegu, aliniambia, "Karani, sisi hatuli unga wa duka. Tunakula mahindi yetu, hayana dawa." Nikamjibu, "Mama, mahindi yako ni mazuri, na ukiyasaga bila kukoboa ni mazuri zaidi. Lakini binti yako aliyeolewa Ruiru mjini, anayenunua pakiti, anapata asidi ya foliki kila akila ugali, na wewe uliyelima huipati." Akacheka, akasema, "Basi mwenye ng'ombe ndiye anakosa maziwa!"

Hakukosea. Mtu wa mjini asiye na shina la mhindi hupata kinga hii bila kujua. Mwenye shamba hana budi kuitafuta mahali pengine: katika maharagwe, katika mboga, na katika kidonge. Anayeweza, anunue pakiti yenye alama na kuila pamoja na unga wake.

Jambo jingine la mahindi ni ukungu. Iko sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo fumonisini, ambayo huizuia foleti kuingia katika chembe za mwili. Wataalamu wameishuku kuwa miongoni mwa sababu za kasoro nyingi za namna hii zilizotokea mpakani mwa Texas na Mexico miaka ya 1990 na 1991, mahali ambapo watu hula sana mahindi. Basi anika mahindi hata unyevu ushuke asilimia 13 na nusu au chini yake, usiyamwage juu ya udongo mtupu, na chagua uondoe punje zilizooza. Mahindi yaliyooza yasisagwe ya kuliwa na watu.

JE, CHAKULA PEKE YAKE CHATOSHA?

Tufanye hesabu kama ya darasani. Foleti ya chakula haiingii mwilini yote. Mikrogramu 10 za chakula zina kazi sawa na mikrogramu 6 tu za asidi ya foliki iliyotiwa katika unga. Mwanamke anayetazamia mimba ameshauriwa na Shirika la Afya Duniani kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12, zaidi ya anachokila. Ili apate kiasi hicho kwa maharagwe peke yake, angehitaji kula zaidi ya nusu kilo ya maharagwe yaliyopikwa kila siku, bila kukosa hata siku moja. Hayo hayawezekani katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo chakula na kidonge ni ndugu wawili. Mmoja hamfukuzi mwenzake. Chakula huleta foleti pamoja na chuma, nguvu na vitu vya kujenga mwili. Kidonge huhakikisha kile kipimo cha siku 28 za mwanzo. Na kipimo chenyewe ni kidogo cha ajabu: gramu moja tu ya asidi ya foliki yatosha mtu mmoja siku 2,500, yaani karibu miaka 7.

VIDONGE VYENYEWE

Mwanamke mwenye mimba akienda kliniki ya serikali hupewa kidonge kimoja chenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, cha kumeza kila siku. Wakazi wetu huvipata katika hospitali za Thika na Ruiru na katika zahanati za karibu. Anayetazamia mimba asingoje tumbo. Aulize mapema kwa muuguzi au kwenye duka la dawa.

Atazame nguvu ya kidonge. Viko vidonge vya mikrogramu 400, na viko vya miligramu 5, ambavyo nguvu yake ni zaidi ya mara 12. Vile vikubwa ni kwa amri ya daktari. Huenda vikahitajiwa na mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, au mwenye kisukari. Mwenye kifafa asiache dawa zake kwa hofu. Aende kwa daktari kabla ya kushika mimba. Na mwanamke anayepewa dawa ya kuzuia malaria wakati wa mimba, kama wanaoishi Pwani au kando ya Ziwa, amweleze muuguzi, kwa kuwa asidi ya foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kile kidonge cha 400 hakina shida.

Pia kuzidisha si kuzuri kwa mtu yeyote. Asidi ya foliki nyingi huweza kuficha upungufu wa vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, maziwa na mayai.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, kidonge humfanya mtoto awe mkubwa mno, mama ashindwe kujifungua? La. Hukinga damu ya mama na mwili wa mtoto.

Mbona choo kimekuwa cheusi na moyo wanichafuka? Ni kwa sababu ya chuma, si ugonjwa. Meza kidonge baada ya chakula au wakati wa kulala. Usikimeze pamoja na chai au kahawa, maana huzuia chuma kuingia. Ngoja saa moja au mbili. Chungwa husaidia.

Mimi sikupanga kupata mimba. Nifanyeje? Mimba nyingi huja bila kupangwa. Ndiyo sababu msichana mkubwa na mama anayeweza kuzaa wanashauriwa kula vyakula hivi siku zote. Ukijua una mimba, anza kidonge siku hiyo hiyo, wala usikate tamaa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Panda mstari wa kunde au maharagwe kila msimu, na utenge debe la nyumbani kabla ya kuuza.

2. Kula jamii ya kunde kila siku, na mboga za majani zilizopikwa kwa maji machache.

3. Ukinunua unga wa pakiti, tafuta alama. Ukila wa posho, ukumbuke kwamba hauna asidi ya foliki ya kuongezwa.

4. Anika mahindi vizuri na utupe yenye ukungu.

5. Mkikubaliana kutafuta mtoto, mke aanze kidonge cha mikrogramu 400 mwezi mmoja kabla au zaidi, wala asikiache hata wiki ya 12. Baada ya hapo aendelee na vidonge vya kliniki.

6. Mume asimwachie mke peke yake. Yeye ndiye anayekwenda mjini mara nyingi. Apite dukani anunue.

Mvua za Oktoba zikikaribia, kila mtu hutengeneza shamba lake kabla tone la kwanza halijaanguka. Hakuna anayengoja mmea uote ndipo atafute jembe. Mwenye nia ya kumlea mtoto mwakani aanze mwezi huu.